Kabla Hujafomati Kompyuta, Tazama Kwanza

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini hapa Kisumu majirani hawatofautishi mwandishi wa programu na fundi wa kompyuta. Kwao mtu wa kompyuta ni mtu wa kompyuta tu. Kwa hiyo karibu kila wiki naletewa laptopu yenye malalamiko yale yale: inachelewa kuwaka, feni inanguruma kama kinu cha posho, bando linaisha na mwenyewe hata hajafungua YouTube. Na karibu kila mara mwenye mashine ameshaambiwa dawa yake: ifomatiwe.

Leo nataka kuipinga dawa hiyo. Kufomati ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya. Mashine ikirudi huwa nyepesi, hilo silikatai. Lakini fundi anayefomati bila kutazama hajatengeneza kitu. Amefuta tatizo pamoja na mali yako, na miezi michache baadaye tatizo litarudi kwa sababu hakuna aliyejua lilitoka wapi. Kazi ya fundi ni kutafuta chanzo. Hiyo ndiyo tunayopaswa kumlipa.

Chanzo mara nyingi ni hiki. Unapowasha kompyuta, haiwaki Windows peke yake. Kila programu uliyowahi kuweka inaweza kujiandikisha iwashwe pamoja nayo, kisha ikae chinichini bila dirisha lolote la kuonekana. Nyingine hukagua kama kuna toleo jipya, nyingine hupeleka faili zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, nyingine husubiri tu siku utakayochomeka printa. Kila moja ni ndogo. Ziwe ishirini kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, zote zinasoma diski kwa wakati mmoja, na diski hiyo ina kichwa kinachorukaruka huku na huko kutafuta data. Hapo ndipo unapopika chai ukingoje.

Nitatoa mfano. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi upande wa Ahero alinipigia simu. Laptopu yake ya mtumba ilichukua kama dakika kumi kuwa tayari. Fundi mmoja mjini alikuwa ameitupia jicho tu akasema, "Mwalimu, hii imejaa virusi. Niachie, elfu moja mia tano, saa kumi jioni unachukua." Ndani mlikuwa na alama za wanafunzi za mihula mitatu, na hesabu ya michango ya mazishi ya shemeji yake, ambayo yeye alikuwa mweka hazina. Nakala nyingine haikuwepo popote. Nilimwomba asiiache.

Alipokuja tulianza kwa kunakili faili hizo kwenye flashi. Kisha tukafungua Task Manager, ambayo huja na Windows yenyewe. Prosesa ilikuwa imetulia, lakini diski ilikuwa asilimia 100. Tukaanza kuhesabu wageni. Antivirusi mbili: moja ilikuja na mashine na muda wake wa majaribio ulikwisha zamani, nyingine aliwekewa saibani. Zote mbili zilikagua kila faili iliyofunguliwa. Programu ya printa ambayo hana tena. Programu mbili za mikutano ya video alizoziweka mwaka 2020 wakati wa korona. Programu ya torenti ya kijana wake, ambayo kila mashine ilipowaka iliendelea kuwagawia watu wa nchi nyingine filamu ile ile, kwa bando la baba. Na juu ya hayo yote, programu ya "kusafisha kompyuta" iliyotangaza kila asubuhi hitilafu mia kadhaa na kudai ilipwe ndipo izirekebishe.

Virusi je? Tulikagua kwa Microsoft Defender, pamoja na ule ukaguzi wake unaofanyika kabla Windows haijawaka. Haikupata kitu. Tuliondoa wageni mmoja baada ya mwingine, tukiwasha upya kila baada ya hatua. Kazi yote ilichukua kama saa moja na nusu, na sehemu kubwa ilikuwa kusubiri. Sasa mashine iko tayari kwa dakika mbili hivi. Siyo ajabu, maana diski ni ile ile ya zamani, lakini mwalimu anafanya kazi na alama zake zipo.

Hiyo programu ya kusafisha inastahili aya zake, kwa sababu naiona karibu kila mashine. Watu wanaiweka kwa nia njema. Kompyuta ni nzito, tangazo linasema "safisha sasa bure", mtu anabofya. Matokeo yake ni kwamba ili kupunguza programu za chinichini umeongeza moja. Tena hii ina sababu ya kukutisha, kwa maana bila hofu hailipwi.

Msidhani nasingizia. Machi 2019 kampuni mbili za Marekani, Office Depot na Support.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, kuzishtaki. Wateja walikuwa wakipimiwa kompyuta bure madukani. Kabla ya kupima, mhudumu aliuliza maswali manne, kama vile iwapo mashine imekuwa nzito. Ukijibu ndiyo kwa swali lolote, alama iliwekwa kwenye kisanduku, na programu ilitangaza dalili za maambukizi hata kama hayakuwepo. Machi 2024 tume hiyo hiyo ikafikia makubaliano na kampuni za Restoro na Reimage, zenye makao Cyprus, zilipe dola milioni 26 kwa mchezo unaofanana: kutangaza virusi vya uongo na kuuza dawa.

Na hata msafishaji mwenye jina zuri anaweza kugeuka mlango wa mwizi. CCleaner ilikuwa inaaminika mno. Nimeiona katika saiba nyingi hapa mjini. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wake na kupachika msimbo wao ndani ya toleo 5.33. Kati ya Agosti na Septemba mwaka huo toleo hilo lilifika kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27, likitoka kwenye tovuti halali ya kampuni yenyewe. Somo ninalolipata mimi ni rahisi: kila programu inayokaa chinichini ni mtu uliyempa ufunguo wa nyumba. Wape wachache, na uwajue kwa majina.

Kuwajua inawezekana, na si lazima uwe umesomea kompyuta. Mimi hufuata mpangilio huu.

Kwanza, nakili faili zako muhimu. Kabla ya kitu kingine chochote. Flashi moja inatosha kwa kuanzia.

Pili, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Tazama ni kipi kimejaa: prosesa, RAM, diski au mtandao. Bofya juu ya safu iliyojaa na programu zitajipanga, mlaji mkubwa juu. Usiguse kitu bado. Andika jina kwenye karatasi.

Tatu, nenda sehemu ya Startup katika dirisha hilo hilo. Hiyo ndiyo orodha ya wanaojiwasha. Usiyemhitaji kila siku, mzime. Kuzima hapa si kufuta. Ukikosa kitu unarudi kumwasha. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi huogopa kugusa.

Nne, zile ambazo huna kazi nazo kabisa ziondoe kwenye orodha ya programu ndani ya mipangilio ya Windows. Usifute folda kwa mkono. Antivirusi ibaki moja, na kwa mtumiaji wa nyumbani Defender inatosha.

Tano, kwa wenye moyo, kuna Autoruns. Ni programu ya bure ya Sysinternals, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Inaonyesha hata wale waliojificha mahali ambapo Task Manager haifiki. Ficha kwanza zile zilizo za Microsoft, kisha ondoa tiki kwa usiyemtambua, bila kumfuta. Mmoja wa walioiandika ni Mark Russinovich, yule aliyegundua Oktoba 2005 kwamba baadhi ya santuri za muziki za Sony BMG zilikuwa zikiweka kwenye kompyuta za wateja programu iliyojificha hata Windows isiione. Aligundua kwa kutazama mashine yake mwenyewe kitu kimoja baada ya kingine. Hakufomati. Angefomati tu, huenda siri ile ingechelewa sana kujulikana.

Fanya mabadiliko moja moja na uwashe upya kila mara. Ukibadilisha kumi kwa pamoja na mashine ikapona, hujui ni lipi lililoponya.

Wengi wetu huku hatulipii intaneti kwa mwezi. Tunanunua bando kwa simu na kuiunganisha laptopu. Hapo programu za chinichini zinakula fedha moja kwa moja. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows uweke alama kwamba muunganisho wa simu yako unapimwa, yaani metered. Masasisho mengi makubwa yatasubiri mpaka upate Wi-Fi. Humo humo kuna ukurasa unaoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani kwa siku 30. Ufungue leo. Pia tazama Delivery Optimization: ikiwa imeruhusiwa kwa kompyuta za kwenye intaneti, mashine yako inaweza kuwa inawapelekea wengine vipande vya masasisho kwa gharama yako. Ila tahadhari, usizime masasisho moja kwa moja. Yapeleke ukiwa kwenye Wi-Fi, wikendi, betri ikiwa na chaji, kwa maana umeme wetu tunaujua.

Sisi wa ghuba hii tunapaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tumeyaona magugu maji yakiziba gati na fuo, yakaondolewa kwa mikono, kwa mashine na kwa wadudu, kisha yakarudi, kwa sababu mito na mifereji bado inaleta uchafu na mbolea ziwani. Kufomati ni kusafisha ufuo wa Dunga asubuhi moja. Ukimaliza, ukarudi kupakua programu za bure zenye "ofa" tatu ndani yake na Windows ya kraki kutoka kwa rafiki, umefungulia mto.

Najua mafundi watasema nini, na wana hoja. Mteja anataka mashine saa kumi. Hataki kulipia saa mbili za mtu anayetazama kioo. Kufomati kuna bei inayojulikana, kuna muda unaojulikana, na pango la kibanda cha Oginga Odinga Street halingoji. Nakubali pia kwamba kuna wakati kufomati ni sahihi: programu ya utekaji faili imeingia, Windows ni ya kraki na huwezi kuiamini, au unabadilisha diski. Na mara nyingine ukitazama utagundua diski yenyewe inakufa, au kwamba SSD ndogo ingesaidia kuliko usafi wowote. Lakini yote hayo unayajua baada ya kutazama.

Mama mmoja mjane wa Manyatta aliniletea laptopu ikiwa imeshafomatiwa. Alikuwa ameipeleka kwa sababu ilikuwa nzito, basi. Picha za marehemu mumewe zilikuwa kwenye folda ya Desktop. Aliniuliza, "Mwanangu, zinaweza kurudi?" Nilitumia programu za kufufua faili kwa siku mbili. Zilirudi chache, nyingi zikiwa nusu kijivu. Mashine yake ilikuwa na ugonjwa gani? Sitajua kamwe, maana hata ushahidi ulifutwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la pande mbili. Fundi, weka bei ya uchunguzi, na umwandikie mteja ulichokikuta: majina ya programu, hali ya diski, kama kuna virusi na vinaitwaje. Mteja, ilipe bei hiyo bila kunung'unika, na mtu akikuambia "imejaa virusi" mwombe akuonyeshe jina la kimoja tu. Asipoweza, beba mashine yako uende.

Swali hili litazidi kuja. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kupata mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama, na laptopu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Wengi watapeleka mashine zao "zikawekwe mpya". Nyingine zitafaa Linux, na hilo nitaliandikia siku nyingine. Lakini iwe Windows au Linux, kwanza nakili, pili tazama. Kufuta kuwe mwisho.

Ukishaifungua ile orodha ya Startup, niambie umekuta wageni wangapi. Mwalimu wa Ahero alikuwa nao 19.