Shingo Inapouma, Kichwa Hubeba Lawama

Mgonjwa mwenye maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni na kupanda upande mmoja hadi nyuma ya jicho hupimwa malaria, hupimwa shinikizo la damu, kisha hurudi nyumbani na vidonge vya diklofenaki. Shingo yake haikuguswa. Ilhali ujumbe wa neva tatu za juu za shingo hukutana na ule wa neva ya uso katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo, hata maumivu ya shingo yakasikika kichwani.

Vidonge vina nafasi yake, nayo ni ya siku chache. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, aweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Diklofenaki ya muda mrefu huweza pia kudhuru tumbo na figo. Muuza dawa mara nyingi haulizi hesabu hiyo. Mhudumu wa afya hana budi kuiuliza.

Picha ya eksirei nayo hupewa heshima isiyo yake. Pingili zilizochakaa huonekana kwa watu wazima wengi wasioumwa hata kidogo. Mgonjwa akishaambiwa kwamba mifupa imesagika, huilinda shingo kana kwamba amebeba yai, misuli ikazidi kudhoofika. Kola inayovaliwa kwa miezi huleta hasara ileile.

Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wagonjwa 200, ulionyesha kwamba wiki 6 za mazoezi ya shingo na mabega, au za tiba ya mikono ya wataalamu wa fiziotherapia, zilipunguza maumivu haya ya kichwa, na nafuu ilikuwapo bado baada ya miezi 12. Tiba hiyo isichanganywe na kuvunjwa shingo kwenye kiti cha kinyozi, ambako, ingawa ni nadra, mshipa wa damu uendao ubongoni huweza kuchanika.

Kliniki iliyojaa haina muda wa kufundisha mazoezi. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini zoezi moja hufundishika kwa dakika chache: mgonjwa alale chali, ainamishe kidevu taratibu kama anayeitikia jambo, akae hivyo sekunde 10, arudie mara 10. Liandikwe kwenye cheti cha dawa, kwa dozi, kama kidonge. Aliyepata ajali, mwenye homa na shingo iliyokakamaa, mwenye udhaifu wa mikono au miguu, au aliyeshikwa ghafla na maumivu makali asiyopata kuyajua, amwone daktari kwanza.