Skripti ya Modemu Nayo Isomwe
Wapo wahakiki wanaodai msimbo wa kompyuta hauna hadhi ya kusomwa. Nakataa katakata. Chukua skripti ya programu ya chat, iliyoipigisha modemu simu kwenye Linux: tuma ATDT na namba, subiri CONNECT, likija BUSY, kata, ukiona "ogin:", taja jina. Herufi ya kwanza imeachwa makusudi, maana huenda ikaja kubwa au ndogo, au isifike kabisa. Aliyeandika hivyo alimjua msemaji wa upande wa pili, akamsubiri pamoja na kigugumizi chake. Eti huo ni uvivu? Thubutu! Mvivu ni anayebonyeza kitufe, akikwama analaani mtandao, wala hajui nani kamwambia nani nini. Tamthilia tunazihakiki kwa majibizano yake. Haya yamekosa nini, jamani?