Nyumba ya Ghorofa Iwe Nyumba ya Watu



Mama wa kijijini aendapo Dar es Salaam kumtazama mwanawe anayekaa ghorofani, haanzi kuuliza kodi ni shilingi ngapi. Hutazama huku na huku, kisha huuliza: "Mwanangu, uani ni wapi?"

Asichekwe. Katika nyumba za Kiswahili za Magomeni, Temeke na Kinondoni, vyumba vimepangwa pande mbili, ukumbi uko katikati, na nyuma uko ua. Uani ndipo watu wapikapo, wafuapo, waanikapo nguo na kuangalia watoto. Mbele iko baraza, mahali pa salamu na wageni. Basi ghorofa ikimnyima mtu ua na baraza bila kumpa kitu badala yake, imempa chumba tu, haijampa nyumba.

Hebu tutazame habari ya Magomeni Kota, katika wilaya ya Kinondoni. Hapo palikuwa na nyumba za zamani zisizo za ghorofa, zikikaliwa na kaya 644. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba hizo zilibomolewa ili mahali pajengwe upya, na jamaa zile zikatawanyika mjini kutafuta vyumba vya kupanga. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wajengewe, na kazi ikafanywa na Wakala wa Majengo Tanzania. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliyafungua majengo matano ya ghorofa, yenye makazi 656.

Ni jambo la kushukuru. Lakini fikirini: mtoto aliyehama akiwa na miaka saba alikuwa amekwisha kuwa kijana. Jirani waliozoea kuzikana na kuozeshana walikaa mbalimbali muda wote huo. Kuupendezesha mji ni vema. Hata hivyo, anayetengeneza nyumba sharti ajiulize kwanza watu watakaa wapi siku atakapoivunja.

Je, yawezekana kutengeneza ghorofa kuukuu pasipo kuwahamisha watu? Yawezekana. Mjini Bordeaux, nchi ya Ufaransa, katika mtaa wa Grand Parc, yalikuwako majengo matatu ya miaka ya 1960, yenye makazi 530, yaliyokwisha chakaa. Wachora ramani Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na wenzao, hawakuyabomoa. Waliongeza baraza pana mbele ya kuta, ghorofa kwa ghorofa, zenye kina cha karibu mita 4, na mahali pa madirisha madogo wakatia milango mipana ya kioo. Wakaaji hawakuhama wakati wa kazi. Jengo likapata sura mpya, na kila jamaa ikapata mahali pa kupunga upepo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya ujenzi ya Umoja wa Ulaya. Tena Bwana Vassal aliwahi kufanya kazi Niger, hapa hapa Afrika, na hukiri kwamba alijifunza mengi huko.

Kwetu pwani, baraza ya namna hiyo yafaa zaidi, mradi ielekee upande ufaao. Jua la asubuhi na la jioni hupiga kwa chini na kuchoma kuta zielekeazo mashariki na magharibi. Kwa hiyo upande mrefu wa jengo na uelekee kaskazini na kusini, nayo madirisha yatazamane, ili pepo za kaskazi na kusi zipite ndani. Jiko lipate dirisha lake, maana moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huua. Nguo zipate mahali pa kuanikwa, zisining'inie juu ya vichwa vya wapitao. Watoto wapate uwanja mahali ambapo mama akichungulia atawaona.

Na baraza iwe na ukingo imara. Agizo hilo ni la kale: katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliamriwa kuzungushia dari ya nyumba mpya ukingo, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Mwenyezi Mungu hakuona ni jambo dogo mno kwake.

Hata hivyo, rangi na baraza havitunzi nyumba. Lifti yataka umeme, maji ya juu yataka pampu, ngazi zataka ufagio. Kijijini kila mtu hufagia uwanja wake. Ghorofani ngazi ni ya wote, na cha wote mara nyingi hakina mwenyewe. Kwa hiyo mwanao akikuambia amepata nyumba ghorofani, usimwulize rangi yake tu. Mwulize: upepo wapita? Watoto wachezea wapi? Ukingo wafika kifuani? Wakaaji wana chama, na wachanga fedha kila mwezi kwa matengenezo? Akijibu vema, mpe baraka yako. Asipojua, mtume akawaulize jirani, maana wao ndio wajuao.

Nawe uliye kijijini, kabla ya kumwita fundi mwulize mkeo jiko likae wapi. Yeye ndiye ajuaye moshi unakoelekea.