SIKU MOJA KWA MIGUU MJI MKONGWE



Ndugu yangu katika imani, Qur'ani inatuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Hatukuambiwa tutembee tupige picha tu. Tumeambiwa tutazame.

Nilitoka Mombo na vijana wa madrasa, tukalala Dar, asubuhi tukapanda boti ya kwanza kwenda Unguja. Kutwa nzima tulitembea kwa miguu. Malindi tuliuona msikiti wenye mnara uliochongoka. Forodhani tulisimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nikawaambia vijana: jengo la mfalme limeanguka, sembuse kibanda chako na changu?

Hapo nilikuwa mwalimu hodari. Tulipofika Mkunazini, nikawa mwanafunzi.

Mkunazini palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Leo pana kanisa, na shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Kijana mmoja akaninong'oneza, "Ustadhi, tupite. Haya ni maneno ya kuupaka Uislamu matope." Nami, Allah anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kugeuka.

Nikajiuliza: nakimbia nini?

Ni kweli Wazungu nao walinunua watumwa, wakawapeleka mashamba ya miwa ya Réunion na Mauritius. Lakini tangu lini dhambi ya jirani ikaosha nguo yako? Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia haki, tutoe ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Waliouza watu pale walikuwamo wenye majina kama yetu. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake ni miongoni mwa watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Basi kuukubali ukweli huu si kuuchafua Uislamu. Anayeuchafua ni anayemtetea dhalimu kwa jina la Uislamu.

Tena msidhani hayo ni ya Unguja peke yake. Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Pangani ilipita hapa kwetu, chini ya milima ya Usambara. Mazinde, jirani na Mombo, ilikuwa ngome ya Semboja. Katika vita vya Wakilindi watu wa milima yetu walitekwa, wakauzwa pwani. Huenda bibi wa bibi yako alikuwamo. Huenda na aliyemuuza ni babu yako pia.

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Simama stendi ya Mombo asubuhi, magari yakishuka kutoka Lushoto. Utamwona binti mdogo na kifurushi chake, anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Anaamka kabla ya adhana ya Alfajiri, analala wa mwisho. Mshahara "anawekewa". Simu kanyang'anywa. Na bosi wake ana tasbihi mkononi.

Mnyororo hauonekani, lakini shingo ni ileile.

Ikiwa una binti wa kazi nyumbani, fanya haya matatu leo:

1. Mlipe haki yake mkononi mwake. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.
2. Mlishe unachokula wewe.
3. Mwache aongee na mama yake.

Surat Al-Balad inatufundisha kwamba kumwacha huru mtumwa ni katika ile njia ngumu ya kupanda. Sisi watu wa milimani tunajua maana ya kupanda. Tuanze.

Yaa Allah, tusamehe, wasamehe waliotutangulia, na usitujaalie kuwa madhalimu. Aamiin.

Msambazie na mwenzako, huenda kuna binti atapata nafuu.