Redio Ilikuwa na Kiongozi, Simu Je?



Ukipita Mtaa wa Aggrey, hapa Kariakoo, jioni za mwisho wa mwezi, utawakuta wazazi wamesimama mbele ya maduka ya simu. Wengi wao hawajinunulii wenyewe. Wanamtafutia mwana chombo cha kusomea: simu yenye kioo kikubwa, au kishikwambi. Fedha itolewayo pale ni jasho la mwezi mzima, na pengine imemegwa katika kodi ya chumba. Si vibaya basi tukiulizana leo: chombo hicho kikishafika nyumbani, ni nani atakayefundisha?

Jirani yangu mmoja, mchuuzi wa nyanya, alimnunulia bintiye wa darasa la nne kishikwambi. Kwa miezi miwili alifurahi kumwona mtoto ameinamia masomo ya hesabu, naye akipika. Siku moja akamwita: "Mwanangu, hizi nyanya ni 24. Robo yake mpelekee shangazi yako." Mtoto akaduwaa. Nyimbo zote za somo la sehemu alizijua, lakini robo ya nyanya hakuijua. Mama akakasirika, akataka kukiuza kile chombo. Nikamsihi asubiri, maana kosa halikuwa la mtoto, wala la chombo.

Wazee wa mji huu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya". Redio ndiyo iliyokuwa chombo kipya cha kufundishia, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliitumia kufundisha umma kujikinga na malaria, kuhara na kichocho. Watu wapatao milioni mbili walishiriki kwa majuma 12. Lakini waliopanga kazi ile hawakuiachia redio peke yake. Waliwafundisha kwanza viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kikundi kilikutana kila juma, kikasikiliza kipindi, kikasoma kitabu, kisha kiongozi akauliza: hapa kwetu hali ikoje, na tutafanya nini? Kutokana na swali hilo vyoo vilichimbwa na madimbwi yakafukiwa. Sauti ilitoka Dar es Salaam. Jibu lilitoka kikundini.

Pengine utaniambia, msomaji, kwamba mambo yamebadilika, na kwamba vyombo vya siku hizi humfundisha mtoto pasipo mtu. Kuna ukweli ndani yake. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyomalizika mwaka 2019, watoto katika vijiji vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili na hesabu. Wengi walikuwa hawajapata kwenda shule. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua sana. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini lilikuwa dawa ya mahali pasipo na mwalimu. Mtoto wako wa Kariakoo anaye mwalimu shuleni, naye mzazi yuko nyumbani. Kwa nini aachwe kama yatima mbele ya kioo?

Mwaka 2020, shule zilipofungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Katika nyumba zetu za kupanga, ambamo chumba kimoja hulaza watu watano, aliyenufaika ni yule aliyekuwa na mtu wa kumwuliza, hata akiwa kaka yake tu: "Haya, umesikia nini?"

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usiogope kununua ukiwa na uwezo, wala usione haya ukiwa huna. Vipindi vya hesabu kama Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, hutazamwa hata kwa jirani. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, navyo husomwa bila malipo. Lililo muhimu ni utaratibu, nao ni ule ule wa mwaka 1973. Kwanza, mtoto asikilize somo moja fupi, kisha chombo kizimwe. Pili, akueleze alichojifunza, kwa maneno yake mwenyewe. Tatu, akitende: apime unga, agawe mafungu, asome kibao cha daladala, amwandikie bibi barua. Na kama wewe hukusoma sana, usijitoe. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kungoja jibu.

Jirani yangu hakukiuza kishikwambi. Kila jioni sasa, kabla ya kulala, bintiye humhesabia mapato ya siku: nusu ya mtaji, theluthi ya akiba, kilichobaki cha chakula. Juzi mtoto aligundua kwamba mama amekuwa akipunjwa na mnunuzi mmoja wa jumla. Mama alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaenda kudai haki yake.

Jioni ya leo, mwite mwanao, kizime chombo, umwulize swali moja. Tukutane tena Jumapili ijayo.