Pikipiki Ivujayo Mafuta: Tusianze na Silikoni

Hapa Mahoko pikipiki kuukuu ikidondosha mafuta, kila apitaye hutoa shauri lile lile: kaza bolti, pakaza silikoni. Mimi sikubali.

Baba mdogo anayo Honda CG125, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1976. Mafuta yalidondoka chini ya injini, naye akabadilisha gasketi ya chini mara mbili bila faida. Likizo iliyopita nilimwomba tuioshe injini kwa mafuta ya taa, tuikaushe, kisha tuinyunyizie poda ya watoto. Alicheka sana, akauliza kama pikipiki inakwenda kubatizwa! Tuliiendesha hadi Pfunda na kurudi. Kumbe poda imelowa juu kabisa, kwenye kifuniko cha vali. Mafuta yalikuwa yakiteremka kutoka huko. Tena mpira wa kupumulia wa injini ulikuwa umezibwa na tope. Hewa ya ndani ikikosa njia, huyasukuma mafuta nje penye gasketi dhaifu. Tuliuzibua, tukaweka gasketi mpya ya juu, basi.

Silikoni ikizidi, vipande vyake huingia ndani na vyaweza kuziba njia za mafuta. Bolti ikikazwa kwa hasira, hukata nyuzi za alumini. Na injini hii hubeba kama lita 1 tu. Je, mafuta yakifika kwenye gurudumu la nyuma wakati wa kuteremka Gisenyi, abiria afanyeje?

Ile tyubu ya silikoni mama ameichukua. Amezibia bati la jikoni.