Umenunua nyumba ya zamani? Usikimbilie nyundo

Wengi wetu tukinunua nyumba ya zamani tunakuwa makini na mambo matatu: hati, mipaka ya kiwanja na bei. Tukishakabidhiwa funguo ndipo tunatazama juu na kuona paa la kijivu na dari iliyochakaa tusiyoitaka. Kesho yake tunaita vijana wawili wenye nyundo, jioni kila kitu kiko chini. Haraka hiyo inaweza kuua.

Nyumba nyingi zilizojengwa miongo kadhaa iliyopita, hasa za mashirika na za watumishi, ziliezekwa kwa mabati ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Asbesto ni madini yenye nyuzinyuzi. Yalipendwa kwa kuwa hayashiki moto wala hayapati kutu. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wazi kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005, na Afrika Kusini mwaka 2008.

Je, anayelala chini ya paa hilo ahame leo? Hapana. Bati lililo zima, lisilopasuka wala kumomonyoka, halina hatari kubwa likiachwa lilivyo. Hatari huanza pale linapovunjwa, linapokatwa kwa msumeno au kusuguliwa. Hapo nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho huruka hewani, zikavutwa na kukaa ndani ya mapafu. Huleta kovu la mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyazunguka. Maradhi hayo huchukua miaka 20 hadi 40, au zaidi, kujitokeza. Ndiyo maana fundi hukwambia, "Mbona nimebomoa mengi na sijaugua?"

Maoni yangu ni haya: aliyenunua nyumba amenunua na dhamana ya kilichomo. Si haki kumlipa kijana ujira wa siku moja naye akabeba ugonjwa wa uzeeni. Wala si yeye peke yake. Nguo zake zenye vumbi hufuliwa na mkewe, na watoto wa jirani hucheza kwenye kifusi.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuulize kabla ya kulipa. Sheria ya Kiislamu ya biashara inamtaka muuzaji aeleze aibu ya anachokiuza, na paa la namna hii ni aibu ya kutajwa. Gharama ya kuliondoa iingie katika mapatano ya bei. Kwa macho huwezi kuwa na hakika, kwani mabati mapya yasiyo na asbesto hufanana nayo. Ni maabara tu inayothibitisha. Ukiwa na shaka, lihesabu kuwa ni asbesto.

Pili, kama ni zima, liache na usilitoboe. Kama limeharibika, kwa Tanzania pata maelekezo ya NEMC au OSHA na utafute wenye ujuzi. Mabati hulowanishwa maji, hufunguliwa parafujo moja moja na kushushwa yakiwa mazima. Wafanyakazi huvaa barakoa maalumu ya kuchuja vumbi laini. Kitambaa cha mdomoni hakisaidii. Wasiyakanyage, kwani huvunjika ghafla na mtu akaanguka. Vipande hufungwa ndani ya plastiki nene na kupelekwa mahali palipoidhinishwa.

Tatu, tuache ile tabia ya "kisitupwe, kitafaa". Kuezekea banda la kuku, kufukia mashimo ya njia au kumgawia jirani masikini ni kuihamisha hatari, si kuiondoa. Na vumbi lililobaki lisifagiliwe kavu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kusubiri mwezi mmoja chini ya paa usilolipenda hakujamdhuru mtu. Anayeharakisha nyundo leo, huenda atakayelipa ni mtoto wa fundi, miaka thelathini ijayo.